Njia nne za kumpima mwanagenzi wa mashine ya kukereza chuma, na namna ya kuchagua

Mkufunzi au mwenye karakana anayetaka kujua kama mwanagenzi wake anaweza kuachiwa mashine ya kukereza chuma ana maswali mawili mkononi, na majibu yake hayapatikani mahali pamoja. La kwanza ni kama kijana huyo anaweza kutoa kipande chenye vipimo sahihi. La pili ni kama ataweza kufanya hivyo kila siku, mwaka mzima, bila kupoteza kidole, jicho au uhai. Kipande kilichokamilika kikiwekwa mezani hujibu swali la kwanza vizuri sana, lakini la pili hakiligusi, kwa sababu chuma hakihifadhi kumbukumbu ya mikono iliyokikereza.

Nimewahi kumtahini kijana ambaye kiti cha beringi, yaani sehemu ya shafti inayovalishwa beringi, alichokereza kilikuwa ndani ya vipimo vya mchoro, uso wake laini, kingo zake zimevunjwa vizuri. Ningefika karakanani mwishoni mwa kazi ningempa alama zote. Lakini nilikuwa nimesimama pembeni yake tangu asubuhi. Mara mbili aliondoa nyuzi ndefu za chuma kwa mkono huku kipande kikizunguka, na mara moja aliupeleka mkono kwenye swichi ilhali ufunguo bado umechomekwa kwenye chaki, yaani kile kishikio chenye taya kinachobana kipande. Nilimzuia. Ufunguo ule, mashine ikiwaka, hurushwa kama jiwe la kombeo, na hakuna anayejua utaelekea wapi.

Ulinganisho huu unahusu njia nne: kumtazama mwanagenzi akifanya kazi ukiwa na orodha ya kuwekea alama, kumpa kazi ya mtihani na kuipima, kumhoji akiwa amesimama mbele ya mashine, na kusoma daftari lake la kazi. Nimewaandikia wakufunzi wa vyuo vya ufundi stadi, wenye karakana za Kizota na kwingineko mjini Dodoma, na mafundi wakuu wa Singida, Manyoni au Mpwapwa wanaolea wanagenzi mbali na chuo.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. La kwanza ni kiasi gani inaonyesha tabia ya usalama, na nasema tabia kwa makusudi, kwa kuwa kujua kanuni ni jambo moja na mwili kuifuata bila kuambiwa ni jambo jingine. La pili ni kiasi gani inaonyesha ustadi wa kazi yenyewe: kusoma mchoro, kuchagua mwendo, kunoa na kufunga kisu, kupima. La tatu ni usawa, yaani kama watahini wawili wakimpima mtu mmoja watafikia hukumu moja. La nne ni gharama ya muda, chuma na umeme. La tano, ambalo husahaulika mara nyingi, ni hatari iliyomo ndani ya upimaji wenyewe, kwa sababu mtu anayepimwa ana wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi mbele ya chuma kinachozunguka hukosea kwa urahisi zaidi.

Kuna masharti mawili yanayotangulia njia zote. Mtahini akague mashine kwanza: kitufe cha dharura kinasimamisha kweli, kinga ya chaki ipo, swichi haijalegea, sakafu haina mafuta. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la usalama wa mahali pa kazi, na si haki kumkata alama kijana kwa kosa lililoanzia kwenye mashine mbovu. Miwani nayo ikaguliwe. Kwa vumbi la Dodoma, hasa miezi ya upepo, vioo hukwaruzika upesi, na nimeona vijana wengi wakiipandisha miwani kwenye paji la uso kwa sababu tu hawaoni kupitia kwayo. Mpe miwani safi kwanza, kisha ndipo umhukumu.

Sharti la pili ni kwamba makosa ya hatari yasichanganywe na alama nyingine. Kuwasha mashine ufunguo ukiwa kwenye chaki, kuvaa glavu au mikono mirefu iliyolegea karibu na kipande kinachozunguka, kupima kipande kabla hakijasimama, kusimamisha chaki kwa kiganja, kuzungushia msasa vidoleni: lolote kati ya haya likitokea, upimaji unasimama. Alama tisini za vipimo sahihi haziwezi kulipia mojawapo.

Njia ya kwanza: kumtazama akifanya kazi

Kuhusu usalama, njia hii ndiyo inayoonyesha mwili unafanya nini. Thamani yake hutegemea sana jinsi orodha ilivyoandikwa. Kifungu kinachosema "anazingatia usalama" hakimsaidii mtahini, kwa sababu kila mmoja atakijaza kwa hisia zake. Kifungu kinachosema "mkono haukuachia ufunguo wa chaki mpaka ufunguo ulipotoka kwenye chaki" kina jibu la ndiyo au hapana. Vivyo hivyo "amezungusha chaki kwa mkono mzunguko mmoja kamili kabla ya kuwasha", "ametumia ndoano au brashi kuondoa mabaki", "ameshika mpini wa tupa kwa mkono wa kushoto ili mkono usipite juu ya chaki", "ameweka ubao juu ya kitanda cha mashine kabla ya kubadilisha chaki".

Mashaka ya kawaida ni kwamba mtu akitazamwa hujirekebisha. Ni kweli, lakini kwa muda mfupi tu. Katika dakika ishirini za mwanzo unaona anachojua kuwa unataka kukiona, na baada ya saa moja unaanza kuona alivyo. Kwa hiyo mtahini asiondoke mapema. Atazame kwa makini zaidi theluthi ya mwisho ya kazi, muda unapobana, na dakika za usafi, mwanagenzi anapoamini kuwa mtihani umekwisha.

Njia hii pia hukuonyesha yale ambayo hukuyapanga. Siku moja, katika karakana ya mtu binafsi, umeme ulikatika katikati ya kazi. Mwanagenzi alijifuta jasho na kuegemea meza, akisubiri. Hakurudisha swichi, hakukirudisha kisu nyuma kutoka kwenye kipande. Mashine ilikuwa ya zamani, ya aina ambayo swichi yake hubaki ilipoachwa, na umeme uliporudi baada ya dakika saba chaki ilianza kuzunguka yenyewe huku kisu kimegusa chuma. Kisu kilivunjika, na kwa bahati hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo orodha yangu ina kifungu cha umeme kukatika, na kama haukukatika wenyewe mimi huuzima kwenye swichi kuu bila kumtaarifu, nikiwa nimehakikisha kisu hakijaingia kwenye chuma, kisha natazama anachofanya.

Kuhusu ustadi, kutazama huonyesha mpangilio wa kazi na utulivu wa mikono, lakini hakuthibitishi vipimo. Kuhusu usawa, watahini hutofautiana sana wasipofanya mazoezi. Dawa yake ni watahini wawili kumtazama mwanagenzi mmoja wa majaribio, kila mmoja akijaza orodha yake, kisha kukaa na kujadili kila kifungu walichotofautiana. Gharama ni kubwa kwa muda: mtahini mmoja hawezi kutazama zaidi ya mwanagenzi mmoja kwa makini, labda wawili kama mashine zinatazamana. Hatari ni ndogo kuliko katika kazi ya mtihani isiyosimamiwa, mradi mtahini asimame mahali anapofikia kitufe cha dharura na nje ya mstari wa kipande kinachozunguka.

Inawafaa wenye wanagenzi wachache, na yeyote ambaye swali lake kuu ni kama kijana anaweza kuachwa peke yake.

Njia ya pili: kazi ya mtihani inayopimwa

Hapa mwanagenzi hupewa mchoro, chuma na muda, na mwisho wa yote kipande hupimwa. Kwa ustadi, sijaona kinachoishinda. Mchoro mzuri hauhitaji kuwa na mambo mengi: ngazi mbili za kipenyo, uso mmoja uliosawazishwa, sehemu moja ya nyuzi za kufungia nati, mfereji mmoja, na kiti kimoja cha beringi. Kwa mikoa yetu ya kati ninapendelea kipande kinachofanana na shafti ya mashine ya kukamua alizeti au ya kusaga nafaka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi itakayomfuata kijana akitoka chuoni.

Chukua kiti cha beringi namba 6208, ambayo tundu lake ni milimita 40. Kama ni pete ya ndani ya beringi inayozunguka pamoja na shafti, kiti chake mara nyingi huchorwa kati ya milimita 40.002 na 40.018. Nafasi nzima ya kukosea ni milimita 0.016. Vernia, yaani kile kipimio cha taya za kuteleza, yenye hatua za milimita 0.02 haiwezi kutoa hukumu hapo, hivyo mwanagenzi anayeitumia kwa kipimo cha mwisho ameshaonyesha upungufu kabla hata hujashika kipande chake. Anayetumia maikromita lakini akapima kipande kikiwa bado cha moto naye anajidanganya: chuma cha kipenyo cha milimita 40 kikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya kawaida hunenepa kwa takriban milimita 0.014, karibu nafasi yote iliyoruhusiwa. Kijana anayekisubiri kipande kipoe mchana wa Oktoba, saa ikiwa inamkimbilia, ana ukomavu ambao hakuna swali la karatasi linaloweza kuufichua.

Kuhusu usalama, njia hii ikitumika peke yake ni kipofu, kama nilivyoeleza mwanzoni. Tena ikiwekewa muda mfupi mno huwafundisha wanagenzi kuruka hatua za usalama, kwa sababu hatua hizo hazina alama ila vipimo vina alama. Kuhusu usawa, inaongoza: namba ni namba, na mtahini wa pili akipima kesho atapata jibu lile lile, maadamu vifaa vya kupimia vimehakikiwa. Gharama yake ni chuma, visu na umeme, na kwa darasa kubwa chuma peke yake ni mzigo. Kutumia ekseli chakavu za magari kupunguza gharama kuna tatizo, kwa kuwa ugumu wa chuma hicho haulingani, na mwanagenzi aliyepewa kipande kigumu ataharibu visu viwili ilhali jirani yake anateleza tu. Hatari ni kubwa zaidi ya njia zote nne, kwa sababu ya haraka na kwa sababu mtahini hushawishika kuwaacha wanafunzi na kurudi mwishoni.

Inavifaa vyuo vinavyotoa cheti kwa watu wengi na vinavyohitaji ushahidi unaoweza kukaguliwa tena, na inamfaa mwajiri ambaye tayari anaamini nidhamu ya kijana lakini hajui mikono yake.

Njia ya tatu: kumhoji mbele ya mashine

Simaanishi karatasi ya maswali darasani, bali mazungumzo ya dakika kumi na tano mashine ikiwa imezimwa, mtahini akigusa sehemu na kuuliza. Kuhusu usalama, mahojiano hufichua ufahamu na sababu, si tabia. Swali la "je, glavu zinaruhusiwa?" hujibiwa na kila mtu. Ukiuliza "kwa nini hazitakiwi hapa, ilhali mwenzako wa kuchomelea anazivaa?" ndipo unapotofautisha aliyekariri na anayeelewa kwamba kitambaa kikinaswa huvuta mkono mzima kabla mtu hajawahi kuuondoa. Maswali ya "ikitokea" huzaa zaidi: fimbo ndefu imetokeza nyuma ya kichwa cha mashine, unafanya nini kabla ya kuwasha? Umebana kipande kilichotokeza mara tano ya kipenyo chake, utakishikilia vipi?

Kuhusu ustadi, mahojiano hupima hesabu na uamuzi. Mwambie akokotoe mizunguko ya mashine ya kukereza chuma laini cha kipenyo cha milimita 40 kwa kisu cha chuma cha kasi, yaani chuma kigumu kinachostahimili joto la kukereza, ukichukua mwendo wa kukata wa mita 25 kwa dakika. Atapata takriban mizunguko 200 kwa dakika. Kisha muulize kipenyo kikiwa milimita 20 itakuwaje, na kama anaelewa hatashika kikokotoo, atakuambia papo hapo kwamba ni mizunguko 400.

Kuhusu usawa kuna tatizo moja ambalo hapa kwetu tulitazame kwa uaminifu, nalo ni lugha. Michoro na vitabu vingi vya fani hii viko kwa Kiingereza, lakini kazi karakanani huendeshwa kwa Kiswahili, na nimeona wanagenzi hodari wakinyamaza mbele ya swali la Kiingereza ambalo wangelijibu kwa ufasaha lingeulizwa kwa Kiswahili. Uliza kwa lugha anayofanyia kazi. Ukikuta ananyamaza bado, mwambie akuonyeshe kwa kidole. Kwa upande mwingine kuna wenye ulimi mwepesi ambao huongea vizuri kuliko wanavyokereza. Gharama ni ndogo kabisa, na hatari haipo, kwa kuwa hakuna kinachozunguka.

Inamfaa mtu anayehitaji mlango wa kwanza: nani aruhusiwe kuwasha mashine, na nani arudi kwanza kwenye somo.

Njia ya nne: daftari la kazi

Daftari hukusanya kazi za miezi, kila moja ikiwa na saini ya fundi msimamizi. Kuhusu usalama lina uzito pale tu msimamizi anapoandika pia makosa na matukio yaliyokaribia kuwa ajali. Daftari lisilo na kosa hata moja kwa mwaka mzima linanipa shaka. Kuhusu ustadi, linaonyesha upana wa kazi ambao mtihani wa siku moja hauwezi kuufikia.

Ubora wake hujulikana kwa maandishi yenyewe. "Leo nimekereza shafti" hakumsaidii yeyote. Lakini mtu akiandika: "Shafti ya kukamulia alizeti, kipenyo 60 kwenda 50, nimeshikilia ncha ya pili kwa senta, mizunguko 130, nyuzi za chuma zilitoka ndefu nikasimamisha mashine na kuongeza mwendo wa kisu ili zikatike," (senta ni ncha kali inayoshikilia mwisho wa kipande) unaweza kumwamini, kwa sababu namba zake zinakubaliana na hesabu na tatizo alilolieleza ni la kweli.

Usawa wake ni dhaifu, kwani wasimamizi hutofautiana na saini hutolewa kwa urafiki. Gharama ni ndogo kwa mtahini, ingawa inamtaka msimamizi awe na uvumilivu wa kuandika kila wiki. Upimaji wenyewe hauna hatari. Inawafaa walio katika uanagenzi viwandani, na wale wanaofanya kazi mbali na chuo.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama una darasa la wanagenzi ishirini na mbili na mashine mbili tu, anza na mahojiano ili kuwapata walio tayari kuwasha, kisha wape kazi ya mtihani kwa zamu. Usijaribu kumtazama kila mmoja kwa saa nne. Chagua nyakati tano za kuwa karibu naye: kufunga kipande, kuwasha mara ya kwanza, kupima, kubadilisha kisu na kusafisha. Muda uwe wa kutosha kiasi kwamba mwanagenzi wa wastani anabakiwa na dakika kadhaa.

Kama wewe una karakana ndogo na unataka kuajiri kijana mmoja, mpe asubuhi moja na kipande chepesi, usimame naye tangu mwanzo. Vipimo vikipungua kidogo unaweza kumfundisha ndani ya miezi michache. Akiwa na tabia ya kuingiza mkono kwenye mabaki yanayozunguka, fikiria mara mbili, kwa kuwa tabia hiyo huchukua muda mrefu zaidi kuondoka kuliko upungufu wa ustadi.

Kama unampima fundi wa miaka mingi aliyejifunzia mtaani na anayetaka ujuzi wake utambuliwe rasmi kupitia utaratibu wa VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, kumtazama kazini na kumhoji kwa Kiswahili kutamtendea haki kuliko daftari ambalo hakuwahi kuambiwa alitunze. Mwite kwa heshima anayostahili, "fundi", na ufahamu kwamba huenda ana mazoea mawili matatu ya hatari yaliyokomaa pamoja na ustadi wake. Ukiyaona, mweleze pale pale na sababu yake, kisha umpe nafasi ya kurudia siku nyingine.

Kama mwanagenzi wako yuko Kondoa au Manyoni na unamfikia mara mbili kwa mwaka, tegemea daftari, lakini katika kila ziara fungua ukurasa mmoja wa daftari hilo na umwombe arudie kazi iliyoandikwa humo mbele yako. Ukurasa auchague mtahini, si mwanagenzi.

Na kama mtu alisimamishwa kwa kosa la hatari na sasa anarudi kupimwa tena, usimrudishe kwenye kazi nzima. Mpe kipande kifupi chenye kufunga na kufungua mara nyingi, mara kumi au kumi na mbili, na utazame jambo moja tu: kila mara, ufunguo unatoka kwenye chaki kabla mkono haujaelekea kwenye swichi.